Ushauri: kundi letu la miaka mingi limebaki la misiba na michango tu, tufanyeje?

Ndaga_Uyole:
Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Tuna kundi la WhatsApp la watu 38. Wengi tulifahamiana mtandaoni kabla ya kuonana uso kwa uso, na wapo ambao hawajaonana hadi leo. Tumetawanyika: Mbeya mjini, Tukuyu, Kyela, Chimala, Makambako, Njombe, Mafinga, Iringa, na wachache Dar. Miaka ya mwanzo palikuwa mahali pa kuambiana mambo ya kila siku. Mtoto kaota jino, mahindi yamekubali, fulani kapata uhamisho. Siku hizi karibu kila ujumbe ni "ndugu zangu tunaomba mchango". Mwenye furaha anaificha asionekane anatafuta hela. Mwenye shida ndogo naye anaificha asionekane mzigo. Baadhi wamelizima kundi sauti, na msiba wa mwenzao wanakuja kuujua wakati watu wameshatawanyika makaburini.

Sitaki livunjike, watu hawa ni ndugu kabisa. Je, tuwe na mfuko wa kudumu au tuendelee kuchangishana tukio likitokea? Tukiweka mfuko, kiasi gani kisiumize mtu? Tunajilindaje na matapeli, maana sura za wengine tunazijua kwa picha tu? Na zile habari njema ndogondogo tunazirudishaje?

Mhasibu_Soweto:
Mkuu, wekeni mfuko. Kuchangishana kila tukio ndiko kunakoleta tabu unayoieleza, kwa sababu mwenye watu wengi wanaompenda anapata laki nne na mkimya anapata elfu sitini, na wote wanaiona orodha. Hapo ndipo watu wanaanza kunyamaza.

Hesabu ya watu 38 ikiwa kila mmoja anatoa 3,000 kwa mwezi: 114,000 kwa mwezi, 1,368,000 kwa mwaka. Tuseme msiba mnatoa 300,000, kulazwa hospitali 50,000, mtoto kuzaliwa 50,000. Mwaka wenye misiba mitatu, wagonjwa watatu na watoto watatu mtatumia 1,200,000 na zitabaki 168,000. Changeni, ila mfuko usitoe chochote miezi mitatu ya kwanza, ili mwanzie na 342,000 mkononi. Bila hivyo msiba wa kwanza unakuta mfuko mtupu na watu wanakata tamaa mapema.

Misiba miwili ikigongana mwezi mmoja, katiba iseme mapema kwamba kila mtu anaongeza 5,000 mara moja, ambayo ni 190,000. Ikiandikwa kabla, hakuna wa kulalamika siku hiyo.

Kinachovunja vikundi vingi ni swali la "mzazi ni nani". Mtu amelelewa na mama mkubwa, mwingine baba yake ana wake watatu, mwingine anamtaja baba mdogo. Dawa yake ni daftari. Siku ya kujiunga, kila mwanachama anaandika majina kamili ya wazazi au walezi wawili, wakwe wawili, mwenza na watoto. Aliyelelewa na bibi amwandike bibi. Nje ya majina hayo mfuko hautoi, watu watatoa kwa hiari yao. Majina yapitiwe kila Januari, kwa kuwa watu wanaoa na watoto wanazaliwa.

Fedha zisikae kwenye simu ya mtu mmoja hata awe mchungaji. Kuna huduma za vikundi kwenye mitandao ya simu, kama M-Koba ya Vodacom, ambamo kila mwanachama anapata ujumbe fedha zikiingia au zikitoka na kutoa kunahitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja. Kama mnapendelea benki, fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, na wawili wakae mji mmoja ili fomu zisikwame. Anayetuma kwa mfiwa atume na ya kutolea, makato yatoke kwenye mfuko.

Jambo moja la sheria: mkianza kukopeshana kwa riba humo ndani, mmeingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi vya daraja la nne, na mtatakiwa kujisajili kupitia halmashauri. Mfuko wa kufa na kuzikana ubaki hivyo hivyo. Mikopo fanyeni kwingine.

Kamwene_Njombe:
Namheshimu Mhasibu ila hapa tunapishana. Mkishaweka kiwango, mtu anatuma 3,000 zake tarehe moja na moyoni amemaliza kazi. Msiba ukitokea hapigi hata simu, anasema mfuko umelipa. Urafiki wa miaka mingi haukujengwa na makato ya mwezi.

Huku kwetu mfiwa hakumbuki bahasha, anakumbuka nani alikuja. Kwa hiyo mkishaweka huo mfuko, wekeni na wawakilishi. Gaweni kundi kwa njia za mabasi: Mbeya mjini na Mbalizi, Tukuyu na Kyela, Chimala hadi Makambako, Njombe na Makete, Mafinga na Iringa. Msiba ukitokea kanda fulani, watatu wa karibu wanakwenda kwa niaba ya wote na nauli yao inatoka kwenye mfuko. Makambako hadi Njombe ni kama kilomita 60, Mbeya hadi Tukuyu kama 70. Hizo ni safari za kwenda na kurudi siku moja. Kumtoa mtu Iringa aende Kyela akazike na kurudi ni siku mbili, na anayefanya hivyo mara moja hatafanya tena.

Wanaokwenda wafike siku moja kabla ya mazishi kama inawezekana, maana kazi iko siku hiyo: kuni, maji, turubai, kupokea wageni. Juni na Julai Njombe, Makete na juu huko Kitulo kuna sakitu, yaani umande unaoganda kwa baridi, na kwenye msiba watu wanakesha nje. Mwakilishi aje na blanketi, koti zito na viatu vya kufunika, asije kuwa mgonjwa wa pili. Masika, anayekwenda Makete kwa kupitia Isyonje na Kikondo apige simu kwanza kuuliza hali ya barabara. Wanawake wabebe khanga au kitenge cha kujifunga. Bahasha iandikwe jina la kundi na jina la mwanachama aliyefiwa, kwa sababu pale nyumbani kuna kamati inayoandika rambirambi kwenye daftari, na jina la kundi peke yake ukoo hawalijui.

Mhasibu_Soweto:
Kamwene, hapo kwenye wawakilishi umenena, na hoja ya mtu kuona amemaliza kazi naikubali. Nyongeza yangu: ile 300,000 msiitoe yote siku moja. 200,000 ziende siku ya taarifa, wakati wanatafuta jeneza na usafiri wa mwili. 100,000 zibaki hadi wiki mbili baada ya mazishi. Wakati huo wageni wameondoka, deni la dukani liko pale pale na simu zimekoma. Anayepeleka hiyo ya pili aipeleke kwa mkono kama yuko karibu, au apige simu kabla ya kutuma. Sharti hilo liandikwe, na mfuko utakuwa unawalazimisha watu kuongea na mfiwa mara ya pili.

Mbarali_Mpunga:
Naongeza kwa ufupi. Msisahau vitu. Mwanachama wa Chimala au Igurusi akitoa mchele na wa Uporoto akatoa gunia la viazi, thamani yake msibani ni kubwa kuliko hela ileile. Kilo moja ya mchele mkavu inalisha watu sita hadi saba, kwa hiyo watu 100 ni kilo 15 hivi. Mpeni kondakta mnayemfahamu, andikeni jina na namba ya mpokeaji juu ya gunia kwa maka peni, na namba ya gari mtume kwa mpokeaji kabla basi halijaondoka.

Laini_Salama:
Kuhusu matapeli. Mnaofahamiana kwa picha ndio mawindo yao hasa, kwa sababu akiiteka WhatsApp ya mmoja wenu anaingia kundini kwa jina na namba ya mwenzenu, na anasoma kila ujumbe mpya mnaoandika: majina ya watoto, utani wenu, kila kitu. Anaandika kama mwenzenu anavyoandika.

Njia yao ya kawaida ni kuomba ile namba ya siri ya tarakimu sita inayokuja kwa SMS: "samahani dada, nimeielekeza kwako kimakosa, nitumie". Ukiituma, akaunti imekwenda. Kila mmoja wenu leo aingie kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, awashe uthibitishaji wa hatua mbili na aweke PIN yake. Mtapona sehemu kubwa.

Kwa upande wa fedha, taarifa ya msiba au ugonjwa isilipwe kwa ujumbe wa maandishi peke yake. Katibu apige simu ya kawaida, asikie sauti, kisha ampigie mtu wa pili. Ndiyo maana kwenye daftari la Mhasibu muongeze namba za ndugu wawili wa kila mwanachama. Mfuko utume kwa namba iliyoandikwa daftarini tu. Mtu akisema "simu yangu imezimika, tumeni kwa hii ya shemeji", jibu ni hapana hadi ndugu wa daftarini athibitishe. Na kabla ya kubonyeza namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa geni, simama. Namba ya tapeli iripotiwe kwa kutuma SMS kwenda 15040. Na kila mmoja abonyeze *106# aangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA, asiyoifahamu akaifute.

Utaratibu huu usionekane kama kutoaminiana. Unamkinga mfiwa asiulizwe maswali wakati analia.

Mama_Makambako:
Ndaga mwanangu, marahaba. Wenzangu wameongea fedha vizuri, mimi nijibu swali lako la mwisho, kwa sababu naona ndilo lililokusukuma kuandika.

Wekeni kanuni moja na muibandike juu ya kundi: furaha haichangishwi. Mtoto kuzaliwa mfuko umeshatoa, imetosha. Harusi, kipaimara, nyumba kuezekwa, matokeo mazuri, mtu anatangaza kwa raha zake na hakuna anayefungua orodha. Akitaka mchango wa harusi, afungue kundi la pembeni na aalike anaowataka. Mkilinda kanuni hii miezi michache, watu wataanza kusema tena.

Kisha tengeni siku. Ijumaa jioni ni nzuri, watu wametoka kazini na shambani. Mmoja kwa zamu anauliza, na swali lisiwe "habari za wiki", kwa maana jibu lake ni "njema". Aulize kitu kinachoshikika: umekula nini kizuri wiki hii? Nani kavuna? Mtoto wa nani kasema neno jipya? Januari matokeo ya kidato cha nne yakitoka, anayeongoza zamu amtafute faraghani kwanza mwenye mtahiniwa, amwulize kama anapenda itajwe. Wapo ambao watoto wao hawakufanya vizuri, na kuona pongezi za wenzao zikimiminika bila wao kuandaliwa kunachoma.

Mwenzenu akisema jambo lake jema, msimmwagie stika arobaini. Mmoja au wawili wamwulize swali: alikuwa na uzito gani mtoto? Umeezeka kwa bati la geji gani? Hapo ndipo anajua amesikika. Pole nazo zilevile. Siku ya msiba pole 37 zinafunika taarifa ya mahali na saa ya mazishi. Kwa hiyo katibu aandike ujumbe mmoja wenye jina la mfiwa, uhusiano wake na marehemu, mahali, siku na saa, aubandike juu, na kila anapopata jipya aandike upya ujumbe kamili, aubandike huo na autoe wa zamani. Picha ya mgonjwa kitandani au ya marehemu isiwekwe hata kama familia imeituma. Na msitangaze kifo kabla mwanachama mwenyewe hajaruhusu. Huenda mama mzazi bado hajaambiwa.

Kuanzia taarifa ya msiba hadi mazishi, habari za furaha zisubiri. Huku kwetu ni siku mbili tatu hivi, wakisubiriwa wa mbali. Baada ya mazishi fungueni, hata mfiwa mwenyewe huwa anatamani kusikia jambo lingine.

Sasa zile huzuni ambazo hazina fungu kwenye katiba: ndoa kuyumba, mimba kuharibika, kufukuzwa kazi, viazi kuliwa na ukungu shamba zima. Hizi hazifai kundi la watu 38. Kila mwanachama achague wenzake wawili wa kumpigia akiwa na zito, na wawili hao wajue wamechaguliwa. Wakipigiwa, swali la kwanza liwe "unataka nikusikilize au tutafute njia?" Tunakimbilia kushauri, na mtu anafunga mdomo. Yasemwayo hapo hayapelekwi kundini. Isipokuwa moja: mtu akizungumza kuhusu kujiua au kuaga dunia, msimwachie maandishi. Mpigieni, mmoja abaki naye kwenye simu, aliye karibu aende nyumbani kwake sasa hivi, na apelekwe hospitali ya wilaya au ya rufaa akaonwe na wataalamu wa afya ya akili.

Ndaga_Uyole:
Mama, shikamoo tena, na asante. Ndaga fijo wote. Nimenakili kila kitu, Jumapili tunaanza na daftari. Nimebaki na mambo mawili. Kuna wanaochelewa kutoa mwezi hadi mwezi, je, wakifiwa tuwanyime? Na tuna namba za wenzetu wawili waliofariki, bado zimo kundini, hakuna mwenye moyo wa kuzitoa.

Mhasibu_Soweto:
Wachelewaji: wekeni miezi mitatu. Aliye nyuma chini ya hapo analipwa kamili na deni linakatwa: anadaiwa 6,000, anapata 294,000. Aliyepita miezi mitatu mfuko haumlipi, ila wawakilishi wanakwenda vilevile na bahasha ya hiari. Kabla hajafika huko, mweka hazina amtumie ujumbe wa faragha mwezi wa pili. Asitajwe kundini. Mara nyingi hana hela, na hapo mwenyekiti ana nafasi ya kumlipia kimya kimya kutoka kwenye akiba.

Laini_Salama:
Namba za marehemu zitoeni. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba hupewa mtu mwingine, na siku moja mgeni atajikuta na jina la mwenzenu kwenye simu zenu. Kwanza ongeeni na familia, muwaulize kama wanaitumia ile simu. Hamisheni mazungumzo na picha mnazotaka kuzitunza: fungua kundi, gusa nukta tatu, kisha zaidi, kisha hamisha gumzo, utume kwenye barua pepe yako. Picha zikiwa nyingi sana hazitaingia zote kwenye barua moja, kwa hiyo zile muhimu zihifadhini kwenye simu moja moja. Msimamizi atangaze siku moja kabla, aandike majina yao kamili, kisha azitoe. Majina yabaki kwenye maelezo ya kundi.