Naomba ushauri: ukinzani wa utando mwembamba wa shaba
Wakuu, habari. Nina tando za shaba za nanomita 20 juu ya kioo. Nikizipima kwa probu ya ncha nne, ukinzani mahususi (wa shaba yenyewe, bila kujali umbo lake) unazidi mara mbili ule wa shaba nene, ambao ni kama mikroomu-sentimita 1.7. Elektroni ndani ya shaba husafiri takriban nanomita 39 kabla ya kugongana, kwa hiyo vinundu na mashimo ya uso lazima vizitawanye ovyo. Ila mipaka ya punje (fuwele ndogondogo zinazounda utando) nayo hutawanya, na fomula za Fuchs-Sondheimer (ya mtawanyiko wa uso) na Mayadas-Shatzkes (ya mipaka ya punje) zote zinalingana na data yangu. Inakera! Nikiupasha utando joto, punje zinakua na uso unalainika kwa pamoja. Mliowahi kutenganisha athari ya uso na ya mipaka ya punje mlifanyaje? Nibadilishe unene tu, au nipime pia kwenye baridi kali, ndani ya naitrojeni kimiminika?