Je, uchaguzi wa shirikisho la soka huwafikia watoto wanaocheza mitaani kwetu?

Mkufunzi wa Likoni
Asalaam aleikum, ndugu zangu. Ninafundisha soka vijana wa chini ya miaka 15 huku Likoni, Mombasa, na tangu uchaguzi wa Desemba 2024 uliompa Hussein Mohammed urais wa shirikisho letu la soka la Kenya na McDonald Mariga umakamu, wazazi huniuliza kama sasa watoto wao wataonekana. Sina la kuwajibu, kwa kuwa mashindano yetu bado ni ndondo za likizo, ambapo mtoto hucheza mechi nne kisha akakaa miezi bila mchezo. Je, iko nchi ambayo mageuzi yake yalishuka hadi chini, na yalianzia wapi?

Bin Kisauni
Waaleikum salaam, kocha. Ujerumani ilitolewa hatua ya makundi katika Kombe la Ulaya la mwaka 2000, bila kushinda hata mechi moja. Badala ya kutosheka na kumfukuza kocha, wakuu wa soka waliamua kwamba klabu za ligi kuu, na baadaye za daraja la pili, zisipate leseni bila kuwa na kituo cha kulea vijana, huku shirikisho lenyewe likifungua mamia ya vituo vya mazoezi wilayani, ili mtoto wa kijijini aonwe na kocha mwenye cheti. Matunda yalionekana mwaka 2014 walipotwaa Kombe la Dunia, yaani miaka 14 baadaye. Nani hapa kwetu, ambaye kura zake hupigwa kila baada ya miaka minne, atakayeusubiri muda huo?

Sisi tumezoea kuvunja na kuunda upya. FIFA ilitufungia mwaka 2004, ikarudia 2006, na Februari 2022 ikatufungia tena baada ya Wizara ya Michezo kulivunja shirikisho Novemba 2021. Kifungo hicho cha mwisho kilidumu hadi Novemba 2022, na timu yetu ya taifa, Harambee Stars, ikaondolewa katika mechi za kufuzu Kombe la Afrika la 2023. Sisemi kwamba wizara haikuwa na hoja. Nasema walioadhibiwa hawakuwa na kura.

Shabiki wa Mbaraki
Naafikiana nawe, Bin Kisauni, ila umesahau ushindani. Mwaka 2019 kule Cairo tuliwafunga Tanzania 3-2, tukatamba sana, lakini wao wamefuzu Kombe la Afrika la 2023 na la 2025, nasi tumebaki nyumbani. Yanga na Simba husukumana hadi zikafika fainali za Kombe la Shirikisho la Afrika, Yanga 2023 na Simba 2025. Hata Mombasa tuliujua moto huo, na klabu yetu ya Feisal ikautwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965. (Wazee wa Mji wa Kale hawachoki kutukumbusha.)

Bin Kisauni
Ni kweli, kaka, lakini vigogo hao wa Dar es Salaam hutegemea sana wachezaji wa kigeni. Upinzani wao huineemesha klabu kabla ya kumfaa mtoto.

Mkufunzi wa Likoni
Ahsanteni. Basi nitawaacha viongozi wa Nairobi, niwaulize wajumbe wa tawi letu swali moja tu: ligi ya vijana itachezwa wikendi ngapi kwa mwaka, na nani atawalipa marefa?