Nice na miji ya jirani kwa siku nne, na mama mwenye goti bovu

Binti_Tanga
Habari za humu. Mwezi wa kumi mama anakuja kututembelea hapa Stuttgart, na tunataka kumpeleka kusini mwa Ufaransa siku nne. Tutalala Nice, gari hatukodi. Mama ana miaka 68, goti la kulia linamsumbua. Mume wangu kaandika orodha: Cannes, Saint-Tropez, Monaco, Èze, Antibes, Menton, Grasse. Mimi naona hii ni ratiba ya Mwenge wa Uhuru. Mnaoishi huko, tufute ipi?

Mtoto wa Kuze
Mpe mama shikamoo yangu. Mie niko Nice mwaka wa tisa, natandika vitanda vya hoteli, kwa hiyo nawaona wageni wanavyorudi jioni wamechoka hawana hamu hata ya kula.

Saint-Tropez futa leo hii. Treni haifiki, utamaliza siku barabarani. Grasse ni manukato na mlima. Cannes ukishaona ngazi za lile jumba la sinema, basi.

Èze nakukataza kwa sababu yaliyonikuta. Nilimpeleka mama mkwe. Treni inakushusha Èze-sur-Mer, chini kabisa baharini, na kijiji chenyewe kiko juu ya jabali, zaidi ya mita 400. Nikaona kibao cha njia ya miguu inayoitwa kwa jina la Nietzsche, yule mwanafalsafa wa Kijerumani, nikamwambia "ni hapo tu, mama". Tulipanda kwa muda wa saa moja na nusu, naye kavaa makubadhi. Mpaka leo akinipigia simu huanza: "Hapo tu, eh?"

Mpeleke Villefranche-sur-Mer. Kutoka Nice hata dakika kumi hazifiki, na ukishuka stesheni ufuko uko chini yako. Mji wa kale una Rue Obscure, kichochoro kilichofunikwa juu tangu karne ya 13. Mara ya kwanza kupita mle nilitaka kupiga hodi, nilivyohisi niko Mji wa Kale, Mombasa.

Antibes nayo. Ufuko wa Gravette una mchanga, uko nyuma ya ukuta wa bandari, na maji yametulia. Nakutajia mchanga kwa kuwa Nice hakuna: ni kokoto tupu, kubwa kama mbatata. Mnunulie mama viatu vya mpira vya kuogelea nazo. Jumba la makumbusho la mchoraji Picasso liko hapohapo, kwenye ngome aliyofanyia kazi mwaka 1946, lakini Jumatatu hufungwa.

Menton iwe ya mwisho. Ukipanda treni kaa dirisha la kulia, bahari iko upande huo. Mji wa juu una ngazi nyingi, mwacheni mama sokoni na kando ya bahari, kote tambarare. Paspoti msiache hotelini; Italia iko pale pua na mdomo na polisi hukagua treni.

Fundi_Lyon
Dada, Monaco umeiruka kwa chuki tu! Kwa mwenye goti ndiyo nafuu kuliko zote. Mji umejengwa mlimani lakini una lifti za umma na ngazi za umeme mitaani, bure. Na lile jumba la viumbe vya bahari, lililofunguliwa 1910, lina samaki ambao mama wa Tanga atawataja kwa majina.

Mtoto wa Kuze
Lifti nakubali, hilo sikulikumbuka. Basi nusu siku, na maji mbebe ya kwenu. Kikombe cha kahawa kule kilinitoa machozi.

Binti_Tanga
Ahsanteni sana. Villefranche, Antibes, Monaco nusu siku, Menton. Mume kanuna kwa ajili ya Saint-Tropez. Chakula je? Mama hali vya ajabu ajabu.

Mtoto wa Kuze
Soko la Cours Saleya, hapa hapa Nice, asubuhi, ila si Jumatatu. Siku hiyo maua na mboga hupisha vitu vya kale. Ulizia socca. Ni unga wa dengu, ule ule wa bajia, unakorogwa na maji na mafuta ya zeituni, unachomwa kwenye sinia la shaba ndani ya tanuri la kuni, juu pilipili manga. Ule wa moto, ukipoa unakuwa ngozi. Mama mkwe alikula sahani tatu, akauliza mbona hawaweki chatne.

Binti_Tanga
Chatne ya ukwaju anakuja nayo kwenye begi, namjua.