Mnaorusha droni kwenye moto wa nyika, nimechoka na kisingizio cha "yangu ni ndogo"

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mimi mwenyewe narusha droni na naipenda. Ndiyo maana inaniuma kila moto mkubwa unapozuka, mtu anapandisha video ya moshi, na ukimuuliza kama ndege za zimamoto zilikuwa hewani anakujibu: "Yangu ni ndogo, itaidhuru nini ndege?"

Itaidhuru hivi. Tarehe 9 Januari 2025, moto wa Palisades ukiteketeza nyumba za watu Los Angeles, droni ya raia iligonga bawa la ndege ya kuzima moto iliyotoka Quebec, Kanada. Bawa likatoboka. Ndege ilitua salama, lakini ikakaa chini siku kadhaa ikitengenezwa. Ile ni CL-415: inateleza juu ya maji, inachota zaidi ya lita 6,000 kwa sekunde kama 12, inakwenda kumwaga, inarudi kuchota tena. Hesabuni wenyewe ni mizunguko mingapi ilipotea wiki ile. Na mwenye droni hakuwa amekusudia kumgonga mtu. Aliiacha iende zaidi ya kilomita 2 mpaka haioni tena kwa macho. Baadaye alikiri kosa mahakamani.

Haikuwa mara ya kwanza. Julai 2015, moto uliporuka barabara kuu ya Cajon Pass, California, na magari yakaanza kuungua palepale barabarani, ndege zilisitisha kazi kwa dakika kama 20 kwa sababu ya droni. Rubani akiona droni moja, kazi yote ya angani inasimama, na walio chini wanabaki na mipira ya maji na majembe.

Hebu tuelewane kuhusu urefu, maana hapa ndipo wengi mnapojidanganya. Marekani droni ya kawaida inaruhusiwa mpaka mita 122 kutoka ardhini, kwa dhana kwamba ndege zenye watu ziko juu zaidi. Kwenye moto dhana hiyo inakufa. Ndege inayomwaga maji au dawa ya kuzuia moto hushuka mpaka mita 50 hivi, ndani ya moshi, bondeni, upepo ukiisukuma huku na huku. Yaani inafanya kazi katika tabaka lile lile mnaloliita lenu. Na usiniambie ulikuwa mbali na moto. Ndege inayochota maji ina njia ya kwenda majini na kurudi, nayo hupita mbali na moto unaouona wewe.

Halafu rubani hakuoni! Ndege hutangaziana mahali zilipo kwa redio, lakini droni ndogo haziruhusiwi kutumia mtambo huo, zikihofiwa kujaza masafa ya redio. Droni zina kitambulisho chao cha redio, ila hicho hunaswa na simu ya mtu aliye karibu, hakimfikii rubani aliye kwenye usukani.

Na wakubwa nao wana lawama yao. Siku 4 tu baada ya bawa lile kutobolewa, DJI, kampuni inayotengeneza droni, ilitangaza kuondoa kwa Marekani kile kizuizi kilichokataa droni isiruke kwenye maeneo yaliyokatazwa. Sasa linatokea onyo kwenye skrini, unaligusa, unaruka. Kampuni inasema wajibu ni wa mrushaji. Kisheria sawa, lakini kufuli lilikuwapo na likaondolewa wakati moto bado unawaka!

Kinachonikera zaidi ni kwamba droni zinahitajika sana pale. Vikosi vya zimamoto vinazo: zinaona joto kupitia moshi, zinachora mpaka wa moto usiku ndege nyingi zikiwa zimelala, zinadondosha vidonge vya kuwasha moto wa kukinga, yaani kuchoma majani mapema ili moto mkubwa ukose cha kuteketeza. Zinaruka kwa sababu zimepangiwa urefu wake na saa zake, na mrushaji yuko kwenye redio na msimamizi wa anga anayezunguka juu kwa ndege. NASA, kupitia mradi wa ACERO, inajaribu vifaa vya kubeba mkononi vinavyomwonyesha mrushaji wa kikosi ndege zilizo jirani. Hiyo ndiyo njia. Fedha ziende huko, na kitambulisho cha kila droni kimfikie msimamizi wa anga, si polisi baada ya ajali.

Huko Marekani faini ya hadi dola 75,000 ipo tayari na bado video zinapandishwa. Basi nawauliza mlioweka video za moto humu: kabla ya kuwasha propela mliangalia kama anga limefungwa? Jibuni ndiyo au hapana. Na kama ni hapana, futeni video hizo leo, maana kila anayezipongeza anamwandaa mkosaji wa kesho.