Sensa ya oksijeni yafa kila mara, shida ni nini?

Mwenye gari: Jamani naombeni msaada, gari yangu ni ya 2002 na hii ni sensa ya tatu ndani ya mwaka, ile ya kwenye ekzosi inayopima oksijeni ya moshi, kila mara taa ya injini yawaka, mashine ya kusoma hitilafu yatoa namba P0135, fundi huku Likoni abadilisha tu, miezi minne yarudi palepale na mafuta yaisha mbio.

Fundi wa Changamwe: Pole ndugu yangu. P0135 ni sakiti ya hita iliyo ndani ya sensa, so usikimbilie kununua. Chomoa plagi, washa swichi, pima na multimita, kile kipima umeme, kama volti 12 zafika, halafu ufuate waya mpaka mwisho, mimi niliwahi kuukuta umegusa ekzosi umeyeyuka, fyuzi yaungua kila siku. Na hii chumvi ya bahari yetu yala pini vibaya sana.

Wa Kisauni: Sensa ulizotoa unazo? Tazama ncha. Nyeusi kavu ni petroli nyingi, nyeupe yaweza kuwa kulanti, yaani maji ya kupoza injini, au silikoni ya gasketi.

Mwenye gari: Nimetoka kuangalia sasa hivi, ncha safi, lakini pini mbili za plagi ni kijani kabisa! Asanteni wallahi, kesho napima waya kwanza.