Wadau wa kikapu naombeni ushauri, hela kidogo tuliyonayo tumpe kocha au tulete staa?

Mwakeye wakuu. Niko Kigoma mjini, tuna katimu ketu ka kikapu, uwanja wa sementi, ringi moja imeinama kwa mbele mpaka ukirusha lazima ulenge juu kidogo. Tumechangishana tangu mwaka uanze, hadi akina mama wanaouza mgebuka walituchangia, sasa kamati imegawanyika. Wengine wanataka tumlete jamaa mmoja toka Bujumbura, mrefu, anadanki, wengine mimi nikiwemo tunasema hiyo hela apewe kocha wetu, mwaka wa tatu anafundisha bure na nauli ya boda anajilipia mwenyewe. Juzi kikao kilichafuka kabisa, wananipiga na mifano ya NBA, ile ligi ya kikapu ya Marekani, eti bila staa Jordan hakuna kocha Phil Jackson. Nisaidieni, nakipenda hiki kikosi na naona kitavunjika.

Kijana wa Gungu: Waulize Jordan kaingia Chicago Bulls lini. 1984! 1986 kawatupia Boston Celtics pointi 63 mechi moja ya mtoano na bado wakafungwa, wakatolewa kwa mechi 3-0. Phil Jackson kachukua timu 1989, wakacheza ule mfumo wa pembetatu wa msaidizi wake Tex Winter, Jordan akaanza kuachia mpira wenzake nao waguse, 1991 ubingwa. Staa alikuwepo miaka yote hiyo.

Reli ya Kati: Mkuu usimsahau Pippen, mwenzake Jordan pale Bulls, 1991 ndo alikuwa amekomaa. Na mcheki kocha Popovich, msimu wa 1996/97 kaichukua timu ya Spurs katikati, staa wao David Robinson majeruhi, wakamaliza wameshinda 20 wamefungwa 62. Wakampata Tim Duncan kwenye drafti ya 1997, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, 1999 mabingwa. Kocha ni yuleyule, kilichobadilika ni wachezaji. Mimi nasema mleteni huyo mrefu.

Kijana wa Gungu: Mbona 2004 Lakers walikuwa na Shaq, Kobe, Malone na Payton, na Phil Jackson huyohuyo kwenye benchi, wakachapwa kwa mechi 4-1 na Pistons ya kocha Larry Brown iliyokuwa inakaba tu mwanzo mwisho

Mama Kikapu Ujiji: Wanangu urefu peke yake hautoshi. Hasheem Thabeet wetu, nampenda na najivunia mpaka leo, drafti ya 2009 alichaguliwa wa pili, mbele ya Harden na mbele ya Curry aliyekuwa wa 7, na mnajua nani kafika wapi. Huyo Curry mwenyewe 2014 timu yake ilitolewa raundi ya kwanza, akaja kocha mpya Steve Kerr, wachezaji karibu walewale, mwaka uliofuata kombe. Ila mwanangu hujasema la maana, huyo wa Bujumbura atakaa muda gani? Mkimlipa mechi tatu akapanda basi akarudi kwao, siku ya nne nani atawaamsha vijana saa 11 alfajiri?

Mleta mada: Mama umenigusa, yeye anataka alipwe kila mechi. Jana usiku nikampigia kocha nimsikie mwenyewe, akasema mshahara wake usubiri, kwanza tununue mipira maana tunao mmoja na umechubuka ngozi yote, ukiwa na umande unateleza mkononi. Akasema pia kuna dogo wa Katubuka wa miaka 17 mrefu kuliko wote, hajui kuweka miguu, apewe miezi sita naye. Nitalipeleka hivyo Jumamosi. Mwenye kujua mipira inayovumilia sementi inapatikana duka gani hapa Mwanga aniambie kabla ya hapo.