Mtoto wa miaka 6 anapandishwaje meli kwenda kusoma Marekani?

Kibuyu_Cheupe:
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu karudi juzi toka Japani kaniletea noti ya yen 5000, ile mpya, ina picha ya mama mmoja anaitwa Tsuda Umeko. Dogo anasema huyu mama alipakiwa kwenye meli kwenda kusoma Marekani mwaka 1871 akiwa na miaka 6, baba hayupo mama hayupo. Mimi wa kwangu ana hiyo 6, nikimtuma chumvi duka la jirani namchungulia dirishani mpaka arudi. Hivi ni kweli au dogo ananipiga kamba? Na nani alilipa?

Nahodha_Mstaafu:
Dogo hajakupiga kamba mkuu. Waliondoka Yokohama tarehe 23 Desemba 1871 na meli ya mvuke inaitwa America, zile za mbao zenye magurudumu makubwa ya makasia ubavuni, wakafika San Francisco 15 Januari 1872. Huyo Umeko alitimiza miaka 7 tarehe 31 Desemba, yaani katikati ya bahari. Walikuwa mabinti watano, serikali ya Japani ndo ililipa kila kitu kwa miaka 10, walisafiri pamoja na msafara wa waziri wao Iwakura. Mwangalizi wao mke wa balozi wa Marekani, yeye Kijapani hajui, wao Kiingereza hawajui, na wote bahari imewachafua tumbo, hebu piga picha hiyo kebini.

bibi_wa_Pangani:
Mimi mzazi wa aina hiyo simwelewi kabisa jamani, mnisamehe.

Nahodha_Mstaafu:
Bibi shikamoo. Ngoja nikupe ya mwenzake, Yamakawa Sutematsu, alikuwa na 11. Familia yao ni ya kisamurai, yaani wapiganaji, wa jimbo la Aizu huko Japani, walishindwa vita 1868, wamebaki hawana kitu, na kaka yake alishatangulia Marekani kusoma. Jina lake la utotoni halikuwa hilo, mama yake ndo alimbadilishia kabla ya safari. "Sute" ni kutupa, "matsu" ukilisikia kwa sikio ni kungoja. Nakutupa, nakungoja. Huyo 1882 akamaliza Vassar, chuo cha Marekani, Mjapani wa kwanza mwanamke kupata digrii.

bibi_wa_Pangani:
Marahaba mwanangu. Hapo kwenye jina umenimaliza.

Mzee_wa_Makaa:
Wakuu msiongelee hao wa serikali tu, hao walipokelewa na mabalozi. Kuna Takahashi Korekiyo, 1867, kapanda meli Colorado kwenda San Francisco ana miaka 13 hivi, anajua anaenda shule. Kufika kule wenyeji wake wanamfanyisha kazi za ndani, baadaye akapewa karatasi asaini, akajua ni mambo ya masomo, kumbe ni mkataba wa kibarua, keshauzwa kwa familia nyingine Oakland!! Alihangaika mpaka akatoka, akarudi kwao 1868. Na huyu ndo aliyekuja kuwa waziri wa fedha mara kibao na waziri mkuu juu. Na kumbuka mpaka 1866 Mjapani kutoka nje bila ruhusa adhabu yake ilikuwa kifo, kwahiyo hawa wa 1867 ni kama mlango umefunguliwa jana yake.

Kibuyu_Cheupe:
Duh, kusaini usichokisoma kumbe ni kwa siku nyingi. Sasa wale watano wote walimaliza hiyo miaka 10?

Nahodha_Mstaafu:
Hapana, wakubwa wawili walirudi mwaka huohuo 1872, mmoja macho yalimsumbua. Wakabaki watatu, na wa tatu, Nagai Shigeko, alisoma muziki akarudi 1881. Umeko na Sutematsu wakarudi 1882, na hapo ndo vituko, serikali iliyowatuma haikuwa imewaandalia kazi yoyote, ile idara iliyowapeleka imeshavunjwa. Umeko Kijapani kimemtoka chote, bora baba yake alikuwa anajua Kiingereza, lakini na mama yake mzazi ilibidi aanze kujifunza kuongea upya. Chuo chake cha wasichana alikuja kukifungua 1900.

bibi_wa_Pangani:
Kibuyu hiyo noti usiiweke chini ya godoro, panya wataila.